Siku Pijo Lilipokosa Watu

Babu yangu Nkwabi hawezi tena kusoma namba ya gari lililosimama mbele yake, lakini likipita nyuma ya ukuta atakwambia ni la nani, limebeba nini, na mwenyewe ameacha kubadilisha oili tangu lini. Presha ya macho ilianza kumla jicho la kushoto, ikahamia la kulia. Daktari alimweleza bila kuficha kwamba palipokwisha kuliwa hapatarudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki tu. Babu aliitikia vizuri, akamshukuru daktari, tukarudi zetu Pasiansi. Kabla hata hajanywa maji akachukua ufunguo, akaenda kuwasha Pijo.

Pijo ndilo gari lake. Ni 404, rangi ya maziwa yaliyokaa, lina mapezi mawili nyuma kama ya sangara na gia yake iko kwenye usukani. Alilipata kwa padri mmoja Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao kuzeeka, wakati huo babu ni dereva wa malori ya pamba na baba yangu hajazaliwa. Kila kitu kilichomo ndani ni kile kile alichokikuta. Si kwamba alijua siku moja watu watakuja kukitafuta. Hapendi tu mkono wa mtu mwingine kwenye gari lake. Saa ya dashibodi ilisimama zamani, mafundi wakamwambia aitoe aweke nyingine, akakataa. "Imechoka," alisema, "haijafa."

Mimi naitwa Justa. Nilipomaliza la saba nililetwa hapa niwasaidie babu na bibi, na mpaka leo nipo. Asubuhi nauza uji na vitumbua barazani, mchana nalifuta Pijo. Macho ya babu yalipopungua nikapata kazi ya tatu. Nakaa kiti cha mbele namwambia njia. "Kushoto kidogo, babu. Basi. Nyoosha. Mbuzi. Mbuzi amepita." Tulikuwa tunafika mpaka kanisani na kurudi, taratibu kama maharusi, na watu wa mtaani walishazoea kutupisha.

Tatizo lilikuja siku alipotoka peke yake. Mimi nilikuwa sokoni, bibi yuko jikoni, na babu akasikia injini inamwita, ndivyo alivyojitetea. Aliingia na Pijo kwenye banda la kuku la jirani yetu, Mama Mwanabaraka. Kuku walipona, banda halikupona. Mama Mwanabaraka mwenyewe hakugomba. Alisimama ameshika kiuno, akasema, "Mzee Nkwabi, ungebisha hodi tu." Lakini habari ilifika kwa watoto wa babu kabla hata manyoya hayajatua, na Jumapili iliyofuata baba mdogo Nestory na shangazi Rose wakaja kukaa kikao.

"Baba," alisema baba mdogo, "leo ni kuku. Kesho ni mtoto wa mtu."

Babu alikuwa anajua ni kweli. Namjua akikataa jambo, anakohoa kwanza, na siku hiyo hakukohoa.

"Kuna fundi pale Kiseke anachukua magari ya zamani. Anayakata, anauza vipande. Pijo lina watu wanalitafuta, mlango mmoja mmoja, taa moja moja."

"Alikate?" babu akauliza.

"Sasa baba, litakaa hapo mpaka lini?"

Shangazi Rose aliinamisha kichwa. Yeye alizaliwa akiwa njiani kwenda hospitali ndani ya Pijo hilo hilo, na hapendi kukumbushwa wala kusahauliwa.

Aliyesema ni bibi Wilhelmina, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele kama vile kikao si chake. Alisema amesikia kanisani kwamba Chama cha Magari Makongwe, kile chenye watu wa nchi nzima, mwaka huu kinafanya mkutano wake Mwanza, uwanja wa Furahisha. "Kipelekeni huko," alisema. Bibi gari anaita kile, kama kitoto. "Wakikikubali, kinabaki hapa hapa na mtu asiniletee tena kikao. Wakikikataa, Nestory mwite fundi wako."

Baba mdogo akapiga simu pale pale, akaweka sauti ya wote kusikia. Masharti yalikuwa mawili makubwa. Gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, lisiwe limebadilishwabadilishwa, na mwenye gari aliendeshe kwa mkono wake kwenye msafara wa siku hiyo. Aliposikia la pili nikamwona baba mdogo ametulia, mabega yakashuka. Si mtu mbaya. Anamwogopea baba yake, na aliona kwamba sharti hilo litamsaidia kusema hapana bila yeye kuisema.

Babu naye alikuwa ametulia, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa asiyekulia Usukumani lazima nieleze hapa. Katika ngoma za mbina, vikundi viwili vinacheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kimoja huku, kingine kule, Bagika na Bagalu. Hakuna mwamuzi wala alama. Wanaoamua ni watu, nao hawasemi neno, wanahama tu. Ukiona mgongo wa mtu, huyo umempoteza. Jioni ikifika, kikundi kilichobaki na watu ndicho kimeshinda, na kile kingine kinakusanya ngoma zake kinaondoka. Babu katika ujana wake alikuwa Mgalu, tena mchezaji wa mbele. Mambo yote ya kushindana duniani anayapima kwa kipimo hicho, mpira, uchaguzi wa serikali ya mtaa, hata mahubiri.

"Babu," nilimwambia kesho yake tukiwa tunasugua bampa kwa majivu na limao, "hawa wanakagua gari. Wanaangalia boliti, viti, injini."

"Hayo ni ya kuingilia mlangoni," alisema. "Kushinda ni watu. Watu wakijaa kwenye Pijo, nani atasimama aseme halifai?"

Nilimweleza tena jioni, na tena siku iliyofuata. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayesikiliza mtoto akielezea mvua inatoka wapi.

Katikati ya wiki akaja Babu Machibya wa Kiseke. Hawa wawili wametoka kijiji kimoja, upande wa Kisesa, na Machibya ni Mgika. Yeye ana Landrova, ile ya zamani yenye tairi la akiba juu ya boneti. Wakikutana hawajui kusalimiana kama watu.

"Hodi! Nimekuja kutoa pole ya kuku."

"Kuku wazima," babu akajibu bila kugeuza kichwa. "Wewe mzima?"

"Mimi mzima. Nasikia Pijo siku hizi linafuga."

"Linafuga, ndiyo. Na Landrova yako naisikia mpaka huku inakohoa. Nikasema kumbe huyu namhala, mzee mwenzangu, hajapata dawa ya kifua."

"Inakohoa? Nimeipaka rangi mpya ya kijani, nimeifunga spika nne. Hata wewe siku hiyo utaacha hilo sanduku lako uje kwangu."

"Mgika bila kelele hajawahi kupata watu."

"Na Mgalu hata akipiga kelele."

Bibi akawawekea michembe ya viazi na chai. "Tafuneni hiyo, midomo ipumzike," alisema, nao wakatafuna wakiendelea kutukanana hadi sahani ikaisha.

Wakati wa kuondoka Babu Machibya alipita kwenye banda la gari. Alipitisha kiganja juu ya pezi la Pijo, polepole, kama mtu anayempima ng'ombe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anaona kiasi gani?"

"Vivuli, babu."

"Na ataendesha mwenyewe?"

"Ndivyo anavyosema. Mimi nitakaa kando."

"Haya," alisema, na hakutania. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Siku moja kabla ya mkutano tulitoka alfajiri kufanya mazoezi kwenye lami, barabara ya uwanja wa ndege, kabla magari hayajawa mengi. Tulikwenda vizuri. Babu alikuwa anaimba kidogo puani. Halafu bodaboda akachomoka kwenye kichochoro upande wangu, amebeba mikungu ya ndizi, na neno "babu" likatoka kinywani mwangu lakini neno lililotakiwa kulifuata halikutoka. Babu alikanyaga breki kwa sauti yangu tu. Yule kijana alipita mbele ya boneti, karibu sana, akatuangalia, akaenda zake.

Tulikaa pale injini imezimika. Mikono ya babu ilikuwa bado imeshika usukani, na nikaona vidole vyake vinacheza.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Bodaboda."

"Ameumia?"

"Hapana."

Aliwasha injini tena. "Kesho utakaa hapo hapo, eti Justa?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Kama gari halitaendeshwa, litakatwa. Kama litaendeshwa, ni kwa macho yangu, nami nilikuwa nimeshaona kwamba macho yangu yana kasi kuliko ulimi wangu.

Uwanja wa Furahisha siku hiyo ulipendeza. Magari yalikuja kutoka Arusha, Dar, Moshi, Dodoma, mengine yameletwa juu ya malori kama wagonjwa. Kulikuwa na vokswageni za kila rangi, Datsun ndogo nyekundu ambayo mwenyewe alikuwa anaifuta hata pasipo na vumbi, na benzi moja jeusi lenye pazia. Watu wazima walikuwa wanalala chini kutazama magari ya wenzao kwa chini, wakiinuka wanapongezana kama wametoka kuona mtoto mchanga. Nilipenda kuona hivyo. Nilikuwa nafikiri babu yuko peke yake duniani.

Tulipewa nafasi pembeni, karibu na uzio. Nilifungua boneti, nikaweka kigoda, babu akakaa ubavuni mwa Pijo amevaa koti lake la harusi za wajukuu. Alikuwa ameandaa maneno. Watu wakija angewaeleza padri, pamba, safari ya Shinyanga wakati wa mafuriko. Mwanzoni wakaja wachache, wakapiga picha mapezi, babu akaanza, "Gari hili…"

Hapo ndipo Landrova ya Machibya ilipofungulia spika.

Zilikuwa ngoma za Kisukuma, kwa sauti ya kutikisa mbavu. Machibya mwenyewe akapanda juu ya boneti, kofia kichwani, akaanza kuchezesha mabega, mzee wa umri ule. Uwanja mzima ukapiga kelele. Wale waliokuwa kwetu wakageuka. Niliona mgongo wa kwanza, wa pili, halafu nikaacha kutazama migongo. Shangazi Rose, ambaye alikuwa amesema atasimama na baba yake, nilimwona kule mbele kabisa anapiga vigelegele. Baba mdogo Nestory alikuwa amembeba mtoto wake mabegani aone vizuri.

Kwetu wakabaki waamuzi. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja wa Bukoba aitwaye Odeta, amevaa ovaroli ya bluu, na alikuja na mzee Iqbal kutoka Arusha na kijana wa kupiga picha. Hawakuongea kwa sauti. Odeta aliinama ndani ya injini akakaa humo muda mrefu. Mzee Iqbal alitandika mkeka, akajilaza, akaingia chini ya Pijo mpaka zikabaki soksi zake tu. Alipotoka alikuwa na mafuta kwenye paji la uso na anatabasamu. Alimwonyesha Odeta kitu kwa kidole, Odeta naye akainama, akaweka mkono kifuani. Nilikuwa nawaangalia usoni, wala sikuhitaji kusikia. Watu hawatazami hivyo kitu wanachotaka kukikataa.

Lakini babu hakuona nyuso hizo, na kwa zile spika hakusikia hata pumzi zao. Alichosikia ni uwanja wote uko upande mmoja, na upande wake kimya.

"Justa."

"Abee babu."

"Hapa wako wangapi?"

"Watatu, babu. Ni waamuzi."

"Watatu si watu. Wengine wako wapi?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta taa.

"Nakuuliza wewe."

"Wako kwa Babu Machibya."

"Nestory?"

"Naye."

"Rose?"

"Anapiga vigelegele."

Babu akatikisa kichwa polepole. Akainuka, akajipangusa koti, akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. "Nipeleke."

"Babu ngoja, hawajamaliza. Naona wamelipenda—"

"Ng'wana wane, mwanangu, nimecheza ngoma kabla mama yako hajazaliwa. Aliyeshindwa hangoji kufukuzwa uwanjani. Nipeleke."

Nilimshika kiwiko nikampeleka. Nilikwenda taratibu nikiomba mwamuzi mmoja atuite nyuma, lakini mzee Iqbal alikuwa amerudi chini ya gari. Watu wakatupisha. Machibya alipotuona akashuka kwenye boneti, akazima muziki, na uwanja ukawa kimya ghafla kama kanisani.

"Machibya," alisema babu. "Watu wamekuja kwako. Nimewasikia. Umenishinda."

Akanyoosha mkono, Machibya akaupokea. Babu hakuuachia.

"Wiki ijayo fundi atakuja kulikata Pijo. Sitaki likatwe. Wewe ni Mgika, mpiga kelele, lakini gari unajua kulitunza. Lichukue." Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenzake, akavikunja vidole vyake juu yake. "Nimekupa mbele ya watu wote hawa."

Nilimtazama Babu Machibya. Yeye aliangalia juu ya vichwa vyetu, kule uzioni, ambako Odeta na mwenzake walikuwa wanapeana mikono kando ya Pijo. Kisha akamwangalia baba mdogo Nestory, aliyekuwa bado na mtoto mabegani, mdomo wazi. Halafu akavua kofia. Nilingoja amrudishie babu ufunguo kwa utani wowote. Nilikuwa namwomba kwa macho.

"Nimepokea," alisema kwa sauti kubwa. "Mmesikia wote? Nimepokea!"

Niliona hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Nilimgeuza babu nikaanza kumrudisha, machozi yananitoka, nikishukuru tu kwamba yeye hayaoni. Hatujafika mbali, Odeta akaja mbio kutufuata, karatasi mkononi.

"Mzee, hongera! Nimekagua magari mengi, machache nimeyakuta yameachwa hivi. Hata ile saa haijaguswa. Limepita. Limebaki jambo moja tu, mwenye gari aliendeshe kwenye msafara, halafu tunalifunga kibao cha chama."

Babu alisimama. "Limepita?"

"Limepita, mzee wangu."

"Na watu je?"

"Watu gani?"

"Watu hawakuwepo."

Odeta akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. "Sisi hatuhesabu watu, mzee. Tunaangalia gari."

Niliona neno hilo linavyomwingia. Lilishuka polepole kutoka usoni mpaka mabegani, na mkono wake uliokuwa mkononi mwangu ukawa mzito. Ndicho nilichokuwa namwambia wiki nzima, lakini sikufurahi hata kidogo kuwa mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Baba mdogo alikuwa ameshafika. "Baba! Umegawa gari lililokubaliwa?"

"Nimelitoa mbele ya watu," alisema babu. "Neno likishatoka halimezwi."

Baba mdogo akamgeukia Machibya, aliyekuwa anakuja nyuma yake akichechemea kwa zile ngoma zake. "Mzee wangu, ni mambo ya kutoelewana tu haya. Si utamrudishia?"

"Nirudishe kwa nini?"

"Lakini limekubaliwa! Tulikubaliana nyumbani, likikubaliwa linabaki."

"Linabaki likiendeshwa na nani, Nestory?"

Machibya alipunguza sauti, na hapo nilimsikia kwa mara ya kwanza akiongea na babu kama mtu wa kawaida.

"Nkwabi, msafara unapita barabara ya uwanja wa ndege, na leo imejaa. Ungeliingiza Pijo pale na mtoto huyu anakwambia kushoto, kulia?"

Babu akakohoa. Nikajua anataka kukataa. Lakini baada ya kukohoa hakusema kitu, na vidole vyake vikacheza kwenye mkono wangu, kama vile vilivyocheza juu ya usukani.

"Basi," Machibya akaendelea, na utani ukarudi mdomoni mwake. "Mimi macho ninayo, masikio ndiyo yameisha, spika zimeyamaliza. Na gari langu hilo gia zake sizijui, ziko mahali pa ajabu. Utakaa kando yangu unielekeze. Nestory, wewe ulikuwa unauza mali ya baba yako. Sasa ni mali yangu. Ukimleta fundi wako, mlete kwangu Kiseke, tuongee naye mimi na fimbo."

Shangazi Rose akacheka mpaka akakaa chini. Hata baba mdogo akacheka, akifuta uso, na nikaona amepona kitu kilichokuwa kinamwuma muda mrefu.

Odeta alikuwa amesimama na kalamu. "Sasa niandike mwenye gari nani?"

"Machibya, wa Kiseke," alisema Machibya. "Na mahali gari linapolala, andika Pasiansi, kwa Nkwabi."

"Kwa nini tena Pasiansi?"

"Kiseke sina banda. Landrova inalala nje, yenyewe imezoea baridi. Hili limelelewa kizungu, litapata mafua."

Landrova akaichukua binti wa Machibya, Modesta, ambaye anaendesha vizuri kuliko baba yake na kila mtu analijua hilo isipokuwa baba yake. Sisi tukaingia kwenye Pijo. Mimi nilikwenda kwa mazoea kwenye mlango wa mbele, nikakuta babu ameshakaa, nikafungua wa nyuma.

Msafara ukatoka. Machibya akavuta gia, Pijo likalia kama mbuzi anayefungwa.

"Usilikabe shingo!" babu akaruka. "Klachi mpaka chini. Sasa sikiliza. Sikiliza! Linaomba ya tatu."

"Linaomba kwa lugha gani?"

"Kwa Kisukuma, ila wewe ni Mgika hutaelewa. Weka ya tatu. Hivyo. Umesikia lilivyonyamaza?"

"Mimi sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo, limeridhika."

Tulipokaribia mzunguko wa kwanza nikafungua mdomo, "Kushoto ki…" halafu nikaufunga. Hakuna aliyenihitaji. Machibya alikuwa ameshakata kushoto. Nikaegemea kiti. Miaka yote ile ya kupita barabara hiyo nilikuwa natazama mbele ya boneti tu, mbuzi, mashimo, watoto. Siku hiyo nikageuza uso dirishani. Ziwa lilikuwa linaonekana katikati ya nyumba na mawe, linatokea, linafichika, linatokea tena, na kivuko kilikuwa kinakwenda zake Nansio, kidogo kama kobe. Nilitazama mpaka nikaona aibu, kama mgeni.

Pasiansi watu walikuwa wamejipanga barabarani. Bibi Wilhelmina alikuwa mbele, kitenge kipya, na Mama Mwanabaraka kando yake ameshika kuku, sijui kwa utani au alikuwa anakwenda kumchinja.

"Nani hao?" babu akauliza.

"Ni bibi, na Mama Mwanabaraka. Na kuku."

"Piga honi," babu akamwamuru Machibya. "Ndefu."

Jioni, baada ya kibao kufungwa kwenye grili, tulirudi nyumbani vile vile, Machibya kwenye usukani. Bibi akatufungulia geti. Alikuwa ameona kibao, lakini aliuliza hivyo hivyo, kwa sababu anapenda kuambiwa.

"Mmeshinda?"

"Nimeshindwa," alisema babu, akishuka, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo kwa majivuno kama yale. "Gari limechukuliwa na Mgika."

"Mbona kimerudi?"

"Limekuja kulala."

Bibi akamtazama Machibya, Machibya akatazama juu. Nilipokuwa namsaidia kufunga mlango wa banda, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama alipopokea ufunguo alikuwa ameshajua Pijo limepita.

"Mimi ni Mgika," alinijibu. "Nikipewa kitu nachukua." Akautia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kwa nje kuhakikisha upo.

Modesta alikuwa amefika na Landrova, anamsubiri getini. Babu alisimama anasikiliza injini ya Pijo ikipoa, ile sauti yake ya kugongagonga chuma, mpaka ikaisha.

"Kesho nakuja kulitazama gari langu," Machibya akasema akiwa anapanda.

"Njoo mapema," alisema babu, "na ndoo yako. Hapa mwenye gari ndiye anayeliosha."